Wamama wa Kanisa Wamepaka Mafuta Miguu Yangu

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya wamama saba wa kanisa, nikiwa nimelala, na kitambaa cha Mama kichwani. (Tulieni. Naandika polepole. Msianze kuniuliza kabla sijafika kwenye miguu.)

Wengi wenu hapa kwenye grupu mnajua hali ya nyumbani kwetu. Mwezi wa kwanza Mama alipooza upande wa kuume. Tangu hapo tuko wawili tu, yeye na mimi. Ninampikia bukari ya mahindi, ninamfulia, ninamgeuza kitandani ili asipate vidonda. Kuoga, ninamwogesha akiwa amefunikwa kikwembe chake cha kitenge, na macho yangu kwenye mabati. (Ninayajua matundu yote ya mabati yetu. Ni kumi na manne.) Sauti yake imepungua, lakini ulimi haukupooza hata kidogo. Nimempa kikombe cha bati na kijiko. Akigonga mara moja, anataka maji. Mara mbili, anataka kugeuzwa. Mara tatu ni choo, na hapo mtu hatembei, anakimbia.

Sasa kuna Mama Prezida, kiongozi wa wamama wa kanisa letu. Mama mzuri, lakini akiongea hata mbwa wanakaa chini. Tangu Pasaka ananiambia neno moja: "Trésor, mutoto mwanaume hawezi kuogesha mama yake. Haiko muzuri. Tutamupeleka Lubudi, kwa dada yake."

Mama hataki Lubudi. Anasema dada yake anaimba tangu jogoo la kwanza, na haimbi vizuri. Mimi pia sitaki. Nyumba hii bila Mama ni kuta tu. Kwa hiyo kila Mama Prezida akiniuliza, "Uko bien, mutoto?" ninaangalia chini na kujibu, "Niko bien, Mama." Siendelei zaidi ya hapo. (Siko bien, siko sawa hata kidogo. Juzi nilitia chumvi kwenye chai. Tuliinywa wote wawili kimya, kila mmoja akimhurumia mwenzake.)

Basi, leo asubuhi. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua. Kofia yangu ya sufu nilikuwa nimeifua, bado ilikuwa majimaji kwenye kamba. Nikachukua kitambaa cha Mama, kile cha njano chenye maua mekundu, nikajifunga mpaka masikioni. (Ndani ya nyumba tu! Nani angeniona?) Jua lilipotoka nikamtoa Mama nyuma ya nyumba, nikamkalisha kwenye kiti chake, blanketi magotini, kikombe juu yake, kijiko kwenye mkono wa kushoto. Nikarudi ndani kutandika kitanda chake.

Kitanda kilikuwa bado na joto.

Nikakaa. Nikajiambia, dakika tano. Nikalala upande, uso ukutani, nikavuta kile kikwembe cha kanisa, kile ambacho wamama wote wa kundi lao wanacho, nikajifunika mpaka puani. Kikwembe ni kifupi. Miguu ilibaki nje. Ishikeni hiyo miguu, nitairudia.

Kwetu mlango wa nyumba yenye mgonjwa haufungwi mchana. Mtu anapiga hodi huku ameshaingia. Wamama huwa wanakuja kumwombea Mama Alhamisi. Leo ni Jumanne. Nani aliwaambia waje Jumanne?

Niliamshwa na wimbo. Sauti saba, ndani ya chumba ambacho watu wawili wakisimama mmoja lazima atoke. Mkono mzito ulikuwa begani mwangu.

"Mama Trésor analala," Mama Prezida alinong'ona. "Musimuamushe. Tumuombee hivi hivi."

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Kwanza, maombi hayakatwi. Hilo mtoto yeyote wa hapa Kolwezi amelijua kwa kupigwa kofi. Pili, nilifikiri: wakinikuta nimelala kitandani mwa mgonjwa, kitambaa cha maua kichwani, na mgonjwa mwenyewe nimemwacha nje, basi kesho Mama yuko njiani Lubudi. Nikaona heri wamalize waende. Nikafunga macho. Nikakohoa kidogo kama Mama. (Mungu anisamehe. Nilikohoa vizuri.)

Halafu Mama Odette, yule anayebebaga chupa ya mafuta ya maombi, akafika miguuni.

"Yo! Muangalie miguu!"

"Imevimba, maskini."

"Mama Trésor alikuwa anavaa viatu trente-huit. Hii ni quarante-quatre!" (Kutoka thelathini na nane mpaka arobaini na nne.)

"Magonjwa ni kitu mubaya."

"Sasa, na manywele?"

Nikakunja vidole vya miguu, kana kwamba manywele yatajificha.

"Ile ni dawa ya lopitali," Mama Prezida alisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Inaletaka manywele."

"Aaa," wakasema wote, na Mama Odette akamimina mafuta.

Ndugu zangu, mimi ninatekenyeka. Mama Odette ana vidole vya kukanda unga wa mikate, na alipita katikati ya kila kidole cha mguu, bila kuruka hata kimoja. Niliuma mto. Mabega yakaanza kutetemeka.

"Analia!" Mama Odette alipiga kelele. "Roho inamugusa!"

Wimbo ukapanda. Na hapo, kutoka nyuma ya nyumba, nikasikia: ting, ting, ting.

Mara tatu.

"Sikieni, jirani anatupigia muziki," mmoja akasema. Wakaanza kuimba kwa kufuata kijiko cha Mama! Wakapiga na makofi juu yake. Ting, ting, ting! Sasa kilikuwa kinagonga haraka, na mimi peke yangu ndani ya chumba kile nilijua ule muziki unasema nini. Na Mama ana tabia moja: nikichelewa, anajaribu kusimama mwenyewe. Alishaanguka mara moja.

Nikapima. Huku aibu yangu, kule Mama.

Nikainuka.

"Alleluiaaa! Mama Trésor anasimama!"

Mmoja alipiga magoti. Mama Odette aliinua chupa juu na mafuta yakamwagika mpaka ukutani. "Tembea, Mama Trésor! Tembea!" Nikatembea. "Tembea tena!" Nikakimbia. "Anakimbia! Anakimbia, wamama!" Kikwembe mabegani, mafuta miguuni, nikafika mlangoni, nikateleza kwenye sementi, nikakaa chini kwa makalio, puuu, na kitambaa cha maua kikanidondoka.

Wamama saba wakainama kuniangalia usoni.

"Eh," Mama Odette akasema mwishoni. "Iko na ndevu." (Ndevu zenyewe ni chache. Leo zimeonekana zote.)

"Pardon, wamama," nikasema nikiwa bado sakafuni. "Mama anataka choo."

Nikaamka, nikatoka mbio. Mama alikuwa ameshaegemea mbele, mkono wa kushoto kwenye ukuta, anajaribu kusimama. Nikamdaka. Akaniangalia: kikwembe chake mabegani mwangu, miguu inang'aa kama kikaango.

"Trésor," akasema polepole, "sasa mama ni nani hapa?"

Na akacheka. Upande mmoja wa mdomo ulicheka, upande mwingine ulijaribu. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu mwezi wa kwanza. Nilitaka kukisikiliza, lakini wamama walikuwa wameshafika. Mama Prezida alinitoa kwa kiwiko. "Acha. Hii ni kazi ya bamama." Yeye na Mama Odette wakamshika Mama huku na huku, wakaenda naye.

Waliporudi na kumkalisha, Mama Prezida alinigeukia. "Trésor. Ulikuwa unaniambia uko bien."

Nikaangalia miguu yangu. Kisha, sijui maneno yalitoka wapi: "Nililala dakika tano tu. Naombeni musimupeleke Lubudi." Ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia.

Akafungua mdomo kujibu. Mama akagonga kikombe. Mara moja. Nikaenda kuchukua maji, kumbe hakutaka maji. Alitaka wanyamaze.

"Prezida," Mama akasema. "Munazani mulikosea kitanda?"

"Tulikosea, Mama Trésor. Vraiment, utusamehe."

"Hapana. Hamukukosea. Mulimuombea mugonjwa mwenyewe." Akapumzika kidogo, maana maneno yanamchosha. "Mi nagonga, yeye anakuya. Na yeye, anagongea nani?"

Mama Odette alianza kupangusa macho kwa mikono yenye mafuta, na hapo akalia kweli.

Kufika mchana mambo yalikuwa yamepangwa bila mimi kuulizwa. Jumanne na Ijumaa wamama watakuja kumwogesha Mama. Jumamosi watafua. Lubudi haikutajwa tena. Mimi nikaamriwa kurudi kulala.

"Hapana, Mama Prezida, mi niko b—"

"Trésor."

Nikaenda kulala. Nimelala mpaka jua likaanza kushuka, na sombe ya majani ya muhogo iliyoniamsha kwa harufu sikuipika mimi.

Kabla ya kwenda kwake Mama Prezida aliniachia kikombe cha bati na kijiko, vya kwangu. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwetu. "Ukichoka, ugonge," akasema. Mimi nilidhani ni maneno tu ya kunifariji. Jioni hii nikagonga kidogo, kwa kujaribu, nione kama kweli inasikika kule.

Wamekuja wote saba. Na mafuta.

Haya, chekeni sasa, lakini polepole. Mama amelala, na sasa aliyelala kitandani ni yeye mwenyewe.