Mtu Mwenye Miguu Miwili ya Kulia

Ilikuwa mwaka 1891, majira ya vuli, zabibu zikivunwa katika vilima vya Firenze, Italia. Baldassarre Nencioni, mwanamume ambaye ulimi wake haukuwahi kulala njaa ingawa tumbo lake lililala hivyo mara nyingi, alibisha kwa jirani yake, mjane Ersilia Fantacci, kuomba chumvi. Juu ya kabati akaona sanamu ya mtu wa shaba asiye na ngozi, misuli yake yote i wazi.

"Mama Ersilia, huyu maskini ni nani?"

"Kazi ya marehemu mume wangu. Wanafunzi wa udaktari hunilipa waje wamsome. Usimguse!"

"Niazime siku mbili tu, mama. Nitamsugua ang'ae."

"Jumatatu ni mtihani. Asiporudi, sitalipwa, nami nitatafuna kuta kwa njaa."

Mjane alikubali, kwa kuwa Baldassarre aliwahi kumpandishia kuni bila kuombwa. Hata laghai ana siku zake.

Baldassarre hakusugua kitu. Alimzika yule mtu katika samadi ya farasi ili aonekane wa kale, akachovya karatasi katika kahawa, na kwa Kilatini cha kubahatisha akaandika kwamba sanamu hiyo ilitoka mikononi mwa Michelangelo. Kisha akaipeleka kwa Profesa Lapo Gherardini, tabibu tajiri aliyesifika kwa kununua chochote kilichozeeka.

Profesa aliizunguka meza mara tatu. "Mbona ananuka zizi?"

"Karne tatu, Mheshimiwa, hazinukii waridi."

"Na mbona miguu yake yote miwili ni ya kulia?"

Baldassarre hakuwa ameikagua miguu, lakini hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Hiyo ndiyo saini ya msanii! Alimuumba mwanadamu asiyeweza kuanza safari kwa mguu wa kushoto, yaani asiye na kisirani."

Profesa alicheka hadi miwani ikamdondoka.

"Sikiliza, bwana mdogo. Fantacci, aliyemtengeneza huyu, alitia kosa moja makusudi katika kila sanamu, nasi wanafunzi wa udaktari tulipaswa kulitambua siku ya mtihani. Aliyeshindwa alimnunulia chupa ya divai. Miaka thelathini iliyopita nilimkagua huyuhuyu kuanzia utosini hadi vidoleni, nikatangaza kwamba ni mzima kabisa! Na divai sikuinunua."

"Basi, Mheshimiwa, ukumbusho kama huo una thamani kub—"

"Mbebe, tumrudishe kwa mjane wa Fantacci. Au nimwite askari?"

Wakaongozana, Baldassarre akiwa amembeba mtu wa shaba mgongoni kama mtoto mchanga, na wachuuzi wa matumbo ya ng'ombe wakimuuliza kama mgonjwa atapona.

Ersilia alifungua mlango, akanusa. "Huku ndiko kusugua?"

"Mama, shaba ina tabia yake—"

"Ndoo ile pale. Sabuni hiyo hapo."

Profesa alivua kofia, akaweka mezani chupa aliyoinunua njiani. "Kosa ni mguu wa kushoto, bibi. Sasa nimeuona."

"Umechelewa, mwanangu, lakini umepasi," alisema mjane, akatoa bilauri mbili.

"Na yangu?" aliuliza Baldassarre, povu likimfika viwikoni.

"Yako imo ndooni."

Profesa akazibua chupa, akaijaza bilauri ya mjane hadi ukingoni, na deni likaisha.