Mla Rushwa Asiyefanana na Mtu

Umma unatangaziwa kwamba Mamlaka ya Uadilifu, baada ya kumtafuta mla rushwa kwa miaka mingi bila mafanikio, imeamua kumtengeneza wa kwake. Atatengenezwa kwa akili mnemba, atabandikwa kwenye mabango kila kona, na wananchi wakimwona watajua wamwogope nani.

Kazi hiyo nyeti alikabidhiwa Afisa Picha, binti wa mkataba wa muda, kwa sababu ndiye pekee jengo zima aliyejua kuitumia programu. Na wala si kazi ya kuumiza kichwa. Unaipa picha, unaiandikia unachotaka kama unavyomwagiza mtu dukani, mpunguze huyu tumbo, mvalishe yule kofia, nayo inakubadilishia kufumba na kufumbua.

Ili mandhari yawe ya kiofisi, binti alipiga picha ofisini kwa Mkurugenzi mwenyewe: meza pana, kiti cha ngozi, na koti la kijivu mgongoni mwa kiti. Mkurugenzi hakuwepo. Koti lilikuwepo, na hilo lilitosha. Pale kazini kila mtu anajua kwamba koti likiwa kitini mkubwa yupo, katoka kidogo tu, msubiri. Kuna wananchi waliolisubiri koti lile tangu likiwa jipya.

Binti akaiandikia programu: mweke mla rushwa kwenye kiti hiki. Ikamweka. Akatokea bwana mwenye kitambi, kipara, miwani na pete ya dhahabu, anapokea bahasha chini ya meza huku akitazama pembeni. Siku hiyo hiyo ikaitishwa Kamati ya Kusimamia Sura, yaani Mkurugenzi, Naibu wake na Mhasibu Mkuu, ambayo ilipitisha Kanuni ya Kwanza: mhusika asifanane na mtumishi yeyote wa Mamlaka.

"Hicho kitambi kinamlenga nani?" Mkurugenzi akauliza. Kifungo cha shati lake kilikuwa kinajitahidi.

"Hakimlengi mtu, mkuu. Programu imekiweka yenyewe."

"Imekitoa wapi?"

Kitambi kikaondolewa. Naibu, huku akijifuta jasho utosini, ambako hakukuwa na unywele wa kulizuia, akasema kipara ni udhalilishaji wa watu wazima. Nywele zikaota. Mhasibu Mkuu akavua miwani yake, akaiweka mfukoni, ndipo akashauri kwamba miwani haina tija. Pete ikafuata, suti ikafuata, viatu vya kung'aa vikafuata. Mwishowe pale kitini akabaki kijana mwembamba wa kaptula, anashangaashangaa.

"Huyu hata bahasha nani atampa?" Naibu akanung'unika.

"Tunataka mtu mzima, lakini wa kawaida," Mkurugenzi akatoa mwongozo. "Ambaye umma ukimwona hautamfikiria mkubwa yeyote." Akachungulia dirishani. Chini getini, bawabu alikuwa anamwonyesha mama mmoja foleni inapoanzia. "Kama yule. Chukueni sura ya yule."

Afisa Picha akashtuka. Bawabu yule alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa mshahara wa getini.

"Mkuu, yule ni baba yangu mdogo."

"Hongera. Atakuwa maarufu."

"Watu watasema ni mwizi!"

"Watu husema mengi. Alasiri nataka kuiona picha. Usipoiweza, mkataba wako ninao hapa, na mikataba huwa inaisha."

Binti akashuka getini machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenywea hivyo?"

Akamweleza yote. Mzee akavua kofia yake ya kazi, akaitazama kwa ndani.

"Hapa getini hata soda ya mtu sijanywa," akasema. "Mama yako mdogo ananicheka, eti mimi mkavu kama ukuta. Leo niende kubandikwa stendi?"

"Nitaacha kazi, baba."

"Usiache kazi kwa ajili yangu. Lakini hiyo sura, mwanangu, wasiiguse. Sina nyingine."

Alasiri Kamati ikakaa. Ukutani ikaonyeshwa picha ambayo binti alilazimika kuitengeneza: bawabu kwenye kiti cha ngozi, bahasha mkononi, na uso ule ule mpole anaowafungulia watu geti. Binti alishindwa kuitazama. Alikuwa na hasira, lakini akaongea kwa adabu zote, maana wakubwa wale walikuwa hawasikii lugha nyingine.

"Mkuu, naomba mwongozo. Kanuni ya Kwanza inasema mhusika asifanane na mtumishi yeyote. Bawabu ni mtumishi. Ana kitambulisho."

"Kanuni haikumaanisha mabawabu!"

"Basi iandikwe inawahusu kina nani hasa, mkuu."

Wakubwa wakatazamana. Kuandika kina nani hasa ndicho kitu ambacho Mamlaka ilikuwa haijawahi kukifanya.

"Tukianza kuwataja watumishi, hata kama ni wa getini," Naibu akasema taratibu, "mkuu, hii kitu inaweza kupanda ngazi."

Mkurugenzi akaona mbele. "Mwondoe."

"Nimweke nani?"

"Usimweke mtu! Pasipo na mtu, atafananishwa nani?"

Binti akaandika: mwondoe mtu huyu. Programu ikamfuta baba mdogo, ikajaza palipobaki wazi. Binti akashusha pumzi utadhani katua gunia. Kamati ikakagua. Ikatafuta kitambi, hakuna. Kipara, hakuna. Palikuwa na meza, bahasha juu ya meza, kiti cha ngozi na koti mgongoni mwa kiti. Koti waliliona. Lakini kwao koti kitini ni sawa na mlango ukutani, mtu hashtuki. Wakapitisha kwa kauli moja na kujipigia makofi.

Bango likatoka: kiti na koti, na chini yake maandishi mekundu, HUYU NDIYE MLA RUSHWA. MTAMBUE. PIGA SIMU.

Wananchi wakamtambua, wee! Kwenye foleni watu walicheka mpaka wakashikilia ukuta. Simu za Mamlaka zikalia kutwa.

"Nimemtambua mla rushwa."

"Yuko wapi?"

"Katoka kidogo. Nimeambiwa nimsubiri."

Kisha msusi mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye programu ile ile anayo kwenye simu yake, akaiingizia bango na kuandika: mrudishe mwenye koti. Ikamrudisha. Kitambi, kipara, miwani, pete na bahasha mkononi, yaani kila kilichoondolewa na Kamati kikarudi mahali pake. Jua likitua picha ilikuwa imeshaenea mji mzima.

Asubuhi Mkurugenzi alifika kazini mapema, koti likiwa mwilini, jambo lililowafanya watumishi wawili wasimtambue.

"Tunyamaze tu, mkuu," Naibu akamsihi. "Picha haina jina. Anaweza kuwa mtu yeyote."

"Mtu yeyote? Koti langu, pete yangu, tumbo langu! Mtu atumie sura yangu bila kibali, mimi ninyamaze? Andika tangazo!"

Afisa Picha akaamriwa alichape kwa herufi kubwa. Akalichapa vilevile alivyosomewa, hakuongeza nukta. Bawabu akalibandika getini, kando ya bango, na kwa kuwa walio nyuma hawakuona vizuri, akawasomea kwa sauti:

"Umma unatangaziwa kwamba mtu anayeonekana katika picha inayosambaa, akiwa kitini na bahasha mkononi, ni Mkurugenzi wa Mamlaka hii. Ni marufuku kumfananisha na mtu mwingine yeyote."

Mama mmoja aliyekuwa mbele kwenye foleni akasogea kwenye bango, akaisoma namba iliyo chini, akapiga.

"Halo? Nataka kutoa taarifa," akasema. "Na njooni haraka, leo yupo."