Mlango Uliolipa Jua Mgongo

Jumatatu, 14 Juni 1954

Sijamwambia mtu, hata mama: ninataka kufundisha. Masere, mtawa anayefundisha katika nyumba ya akina mama, anatafuta msaidizi. Jumamosi atakagua vikapu vya mihogo iliyokauka, changu na cha Victorine, anayeitaka kazi hiyo pia. Nikishindwa, natumwa Kasomeno kulea watoto wa shangazi. Wako saba!

Jumanne

Victorine ametandaza mihogo yake mkekani, chini. Maskini. Mimi nina kitabu cha shule kutoka Ubelgiji. Kinasema jua la saa sita huwa kusini, na ubao ulioinamishwa kulielekea hupata joto zaidi. Nimeng'oa mlango wa choo, nimeuegemeza kwenye matofali, umetazama kusini, na mihogo yangu nimeitandaza juu yake. Baba ameuliza mlango uko wapi. Nimeinama kufagia.

Jumatano

Leo nimepima jua. Vijiko viwili vya mawese yaliyoganda kwa baridi: kimoja mkekani, kimoja mlangoni. Ya mkekani yameyeyuka saa nne. Ya mlangoni, bado. Mawese mabaya! Nimebadilisha. Yale yale. Basi mwinamo hautoshi. Nimeongeza matofali mawili.

Alhamisi

Mihogo yangu imeota ukungu wa kijani. Bibi Alima, jirani yetu, amechungulia uani.

“Mutoto wangu, sababu ya nini unapatia mihogo mugongo ya jua?”

Nimemwambia kwa sauti ndogo kwamba kitabu kinasema hivyo.

“Ule aliandika kitabu, anaota jua ya wapi?”

Amecheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Sitalala vizuri.

Ijumaa

Saa sita nimesimama uani. Kivuli changu kimelala kusini. Jua liko kaskazini! Nimegeuza mlango. Mawese yamekuwa maji kabla sijamaliza Salamu Maria tatu. Nimekwangua ukungu, nimeanika upya, nimesali.

Jumamosi

Victorine ameshinda. Mihogo yangu ilikuwa na madoa. Lakini Masere alivunja kipande, kikalia kama ukuni. Nikakiri kwamba nilianika upya jana tu. Akauliza kimekaukaje kwa siku moja katika baridi hii. Nikaeleza habari ya mlango, macho chini. Amesema nije kila Jumatatu kuwaonyesha akina mama. Sitakwenda Kasomeno!

Nimekwisha kuandaa somo la pili, sura inayofuata ya kitabu: namna ya kuondoa theluji juu ya paa mwezi wa Desemba. Hapa mtaani hakuna hata mtu mmoja aliyejiandaa. Tafadhali, wewe unayesoma, usimwambie Victorine. Atanitangulia.