Silikoni Iliyomhamisha Mke Wangu

Kwa Mwenye Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Mkabala na kituo cha mafuta.

Ndugu Muuzaji,

YAH: SILIKONI YAKO KUMHAMISHA MKE WANGU

Nakusalimu kwa heshima, ingawa nina hasira. Mimi ni yule mzee wa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, niliyesimama mbele ya kaunta yako Jumanne iliyopita kwa dakika arobaini.

Mke wangu ana nyonga mbovu. Mtaalamu wa viungo alimwagiza ajiloweke kwenye maji ya moto mara tatu kwa wiki, nami nikanunua jakuzi kuukuu la hoteli iliyokuwa inafungwa. Likawa linavuja pembeni mwa tundu moja la kupulizia maji. Nilimwahidi mke wangu nitaliziba mwenyewe, bila fundi. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Ulinionyesha silikoni ya madirisha, silikoni ya bafuni, gundi ya mabomba na ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Nilipouliza ipi inafaa jakuzi, ulinijibu huku unatafuna karanga kwamba zote zinaziba. Swali lile lilistahili karanga ziwekwe chini kwanza.

2. Ukanichagulia ya bafuni, kwa maelezo kwamba haiogopi joto wala dawa ya maji. Maandishi ya mrija yalikuwa ya kigeni, kwa hiyo ukachana kipande cha boksi ukaniandikia: "Kwangua gundi ya zamani. Kausha. Paka. Subiri saa 12, ndipo utie maji." Ndugu, mimi nimesahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji miaka thelathini na moja. Neno likiandikwa, nalifuata. Nilikwangua kwa kijiko. Nilikausha kwa taulo, kisha kwa kikausha nywele cha mke wangu. Nilimaliza kupaka saa kumi na moja na robo jioni, nikakaa kwenye kigoda, macho kwenye saa ya ukutani, nikasubiri saa kumi na mbili. Nikaongeza dakika tano za heshima. Ndipo nikatia maji.

3. Silikoni yako ikabanduka yote na kuelea kama tambi. Maji yakapita sebuleni, yakaingia chini ya zulia ambalo mke wangu alirithi kwa mama yake.

4. Mke wangu hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Alifungasha taulo na mafuta ya kuchua, akaenda kwa dada yake, kwenye beseni la kuogea lililofungwa na fundi aliyeitwa na mwanyumba wangu, yaani mume wa huyo dada. Mwanyumba hunipigia simu kila asubuhi kuniarifu nyonga inavyoendelea. Inaendelea vizuri. Leo ni siku ya sita, nimemkumbuka mke wangu, na chumvi sijui inakaa wapi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Ubao wako wa "Kwetu Hakivuji Kitu" ushushwe. Ukiona kazi kubwa, ubandike upya kwa silikoni yako, utashuka wenyewe.

(b) Kuanzia sasa kila mrija uuzwe pamoja na wewe. Uje uketi ndani ya jakuzi la mteja mpaka aridhike. Taulo nitakupa.

(c) Uende kwa shemeji yangu, nyumba ya geti la kijani, umwombe radhi mke wangu mbele ya mwanyumba. Umweleze kwamba mume wake anajua kusoma. Wewe ndiye hujui kuandika.

Nisalimie wote hapo dukani, hasa yule mama muuza rangi aliyeniazima kiti nilipochoka kusimama. Msalimie na mkeo, kama bado yupo nyumbani.

Ni mimi, mteja wako mwenye soksi zilizoloa,

Msahihishaji Mstaafu

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku mbili kwa kukosa stempu. Jana mke wangu alipitia kandambili zake, nikampa kipande cha boksi akisome kama shahidi. Aliniuliza nilianza kusubiri saa ngapi. Nilipomjibu, alicheka mpaka akashika nyonga. Anasema uliandika urefu wa kusubiri, hukuandika saa ya ukutani. Akabaki ili anisimamie. Leo tumepaka silikoni iliyobaki saa kumi na mbili asubuhi, tukasubiri saa kumi na mbili, mpaka saa kumi na mbili. Halivuji. Yumo ndani ya maji ninapoandika, na chumvi ilikuwa nyuma ya sukari. Maombi (a), (b) na (c) nayafuta. Naomba tu mrija mmoja zaidi, kwa ajili ya mwanyumba: nasikia beseni lake limeanza kuvuja. Maelekezo usijisumbue, nitamwandikia mwenyewe.