Mwalimu wa Makunyanzi

Abdifatah alikuwa akinywa maziwa ya ngamia bila kulipa, kwa maneno yake matamu tu kama kawaida, alipomwona mwenye kibanda akijitazama kwenye simu. Huyo alikuwa Mama Weris, mwenye biashara kubwa kuliko wote katika soko la maziwa la Garissa, na ngamia wake huko Bura walikuwa mali ya kutajwa. Alivuta ngozi kando ya jicho, akaiachia. Ikarudi na mikunjo yake yote. Akasonya.

Wewe na mimi tungeona mama anayezeeka. Abdifatah aliona mahari.

Maana kijana huyu alikuwa na shida ya kweli. Alimpenda Filsan wa Habaswein, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulidanganyia. Lakini Mzee Yarrow, ami aliyemlea binti huyo tangu baba yake afe, alikuwa ameshatoa masharti: alitaka mtamba wa ngamia, jike mchanga aliye karibu kuzaa kwa mara ya kwanza. Bila mtamba hakuna nikahi. Abdifatah alizaliwa Eastleigh, mjini Nairobi. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na maneno matamu, ila katika mifugo hakuwa na hata kuku.

"Eeddo Weris," akaanza, kwa unyenyekevu wa mtu anayesema na shangazi yake. "Hiyo qasil, unga ya majani unapaka usoni, inasafisha juu tu. Makunyanzi iko chini, kwa misuli. Misuli ya uso ikilala, ngozi inaanguka. Ukiipa mazoezi, umri inarudi nyuma."

"Inarudi mpaka wapi?"

"Wallahi, nusu. Nimesomea hii kitu Nairobi."

Alichosomea Nairobi kilikuwa video moja kwenye simu, tena hakuifikisha mwisho kwa sababu bando lilimwishia.

Darasa likaanza palepale nyuma ya madumu. Mama Weris alijaza mashavu upepo, akainua nyusi, akatoa ulimi, akatamka "aa" na "oo" kwa mdomo mpana. Mteja mmoja aliacha dumu lake chini akakimbia kumwita sheikh. Kisha likaja zoezi kuu, ambalo mwalimu alilibuni akiwa amesimama: kutafuna mdomo ukiwa mtupu.

"Taya, eeddo! Siri yote iko kwa taya. Mwenye kutafuna mchana kutwa hazeeki."

Mama Weris alitafuna, akatafuna, mara akaacha.

"Na wewe unataka nini?"

"Pesa? Hapana! Kumuuzia mama uzuri wake ni haramu. Nipe tu mtamba mmoja."

Tumwombee, jamani, maana hata haya hakuona.

Mama Weris alijifuta mdomo kwa ncha ya shela. "Sawa," akasema. Mtu yeyote wa soko lile angeshtuka na kuondoka mbio, kwa kuwa mama huyo hakuwahi kukubali bei yoyote bila ugomvi. Abdifatah alidhani ni utamu wa ulimi wake.

Ngamia aliletwa kutoka Bura amepakwa samli, manyoya yamepunguzwa, tumbo limejazwa maji kama la mwenye mimba.

"Mfungue mdomo uone meno," alisema Mama Weris kwa upole.

Hapo ndipo mjanja wetu alipokwama. Mwanamume wa Kisomali kukiri mbele ya watu kwamba hajui kusoma umri wa ngamia kwa meno, afadhali akiri kuiba viatu msikitini. Abdifatah alimpigapiga shingo kama anayekagua gari la mtumba.

"Ya nini? Huyu naona hata kwa macho. Msichana mdogo kabisa."

"Mashallah, una jicho," alisema Mama Weris, na mchungaji wake akageuka pembeni akakohoa sana.

Lori liliwashusha Habaswein. Mzee Yarrow hakumgusa ngamia shingo. Alimfungua mdomo, akachungulia, akaufunga taratibu.

"Waryaa, wewe kijana, umeniletea nyanya yako? Meno zimeisha!"

Abdifatah alitoa simu mfukoni. Alimpigia Mama Weris papo hapo, na mzee akaamuru sauti iwekwe juu, wote wasikie. Filsan alikuwa amesimama mlangoni.

"Eeddo! Umenipa bibi kizee!"

"Alikuwa mzee, ndiyo," ilijibu sauti ya Mama Weris. "Lakini si ulisema mwenye kutafuna mchana kutwa, umri inarudi nusu? Huyu anatafuna mpaka usiku. Nilifuata hesabu yako, mwalimu. Ama ulinidanganya?"

Akisema ndiyo, ni tapeli mbele ya ami wa Filsan. Akisema hapana, ngamia ni mchanga.

"Sikukudanganya, eeddo," alisema, na aibu ikamchoma mpaka masikioni.

Mzee Yarrow alimfunga ngamia kwenye ua wake. "Basi vizuri. Mwalimu amesema ni mtamba, na mimi nani nibishe? Mahari nimepokea. Nikahi tutafunga siku huyu akizaa."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Filsan peke yake hakucheka. Aliisogelea kamba, akamtazama yule ajuza wa ngamia, kisha akamtazama mchumba wake.

"Atazaa lini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Abdifatah, nakuuliza wewe."