Kakule Yupi?

Jumapili, 9 Machi 2025

Siku njema! Padri ametangaza kwamba kitalu cha miche cha parokia, kule chini kando ya mto Lhubiriha, kinatafuta mtunzaji. Kazi ya kudumu, na chumba cha kulala humo humo. Hataki barua wala vyeti. Anataka mtu anayependa mazingira na kuwatendea wema wageni. Jumapili ya tarehe 23 atawauliza waumini wenyewe nani amewatendea nini.

Kazi hiyo ni yangu. Lazima iwe yangu. Dada Mbambu, ambaye nalala kwenye chumba chake cha nyuma hapa Bwera, amesema anakitaka chumba kwa ajili ya kahawa yake mvua zikianza. Nikikosa kazi niende Nyakalengija kwa mjomba Syahuka, nikabebe mizigo ya watalii mlimani. Mimi mlima naupenda nikiutazama kutoka chini. Kule juu kuna baridi, kuna tope, na mjomba hunywa chai bila sukari.

Padri alihubiri pia: tenda wema nenda zako. Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Kwenda zangu nitakwenda. Lakini nikishataja jina.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya soko mpakani. Nilianza mapema kutafuta mgeni mwenye shida. Wa kwanza alidhani mimi mwizi, akakumbatia mkoba wake. Wa pili alinipa mtoto nimshike, akapotelea sokoni hadi jua likawa kali, akarudi bila hata kuuliza naitwa nani. Hasara tupu.

Kisha nikasikia nyuma ya kibanda mama mmoja wa Kikongo, Laurentine, muuza sombe, yale majani ya mihogo, kutoka Beni, akimwambia jirani yake kwamba husali parokia yetu. Parokia yetu! Nikafika hapo kabla hajamaliza sentensi. Sombe yake ilikuwa kwenye kaveera, mfuko mkubwa mweusi wa plastiki. Nikalivua lile kaveera nikitoa hotuba fupi juu ya plastiki na samaki wa ziwani, nikaufunga mzigo upya kwa kamba za mgomba. Kamba ni rafiki wa mazingira, ila hazikazi vizuri. Nilipojitwika, majani yakanimwagikia hadi kifuani. Nikatembea mpaka kwake bila kuona njia. Niligongana na mbuzi.

Njiani nilitaja jina langu mara kadhaa, na tena mlangoni kwa kukumbushia. Nilisema Kakule tu. Ezéchiel ni jina refu, mtu hulisahau njiani. Kakule halisahauliki. Mama Laurentine akaniambia aksanti sana, Kakule, Mungu atakukumbuka. Mungu sina wasiwasi naye. Nataka Padri akumbushwe.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimepanda miti. Medius, jirani anayeuza miche, alikuwa na mikaratusi iliyomdodea, akanipa yote. Nimeizungushia chemchemi ya chini ya barabara, mahali wapita njia wanaotoka milimani hupumzika na kunywa maji. Medius alikuwa akinieleza jambo fulani juu ya mikaratusi na maji. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nafikiria ubao.

Ubao umetoka vizuri: KIVULI HIKI NI ZAWADI YA KAKULE KWA WAGENI WOTE. Kwa sasa kivuli kinamfaa kuku aliyelala. Lakini nia ni kubwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nyuma ya kibanda cha Edisa, muuza bushera, ule uji wa mtama wa kunywa baridi, nimekuta rundo la chupa za plastiki. Aibu kwa mji mzima! Nimezikata zote katikati, nikazijaza udongo, nikazitundika kwenye ua wa kanisa kama vyungu vya maua. Maua bado sijapata. Pale kwa Edisa nimeacha kipande cha boksi: TAKATAKA ZAKO ZIMEONDOLEWA BURE. KAKULE.

Jioni Dada Mbambu amerudi na habari. Edisa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani amechukua chupa alizoosha tangu alfajiri kwa ajili ya bushera ya leo. Pipa zima limemchachia. Nikasema dunia imeharibika, mtu hawezi tena kuacha chupa nje. Dada akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akaenda kulala.

Jumanne, 18 Machi

Dada alinituma Kasese kumnunulia turubai la kahawa. Turubai! Hata hasubiri matokeo.

Kituoni Kasese nikakutana na bwana mrefu, Okot, mtu wa Gulu, ameduwaa na mfuko wa simsim mkononi. Alikuwa akimtafuta Kakule wa Bwera. Nikamwambia amempata. Akanitazama, akasema hapana, si wewe, yule alikuwa na kovu kwenye kidevu. Juzi juzi alimsaidia kutafuta mzigo uliopotea hapo kituoni, akamlaza kwa rafiki yake, akaondoka bila kungoja asante. Okot alikuwa amelisikia jina tu kwa huyo rafiki.

Ikabidi nimweleze. Kwetu mtoto wa kiume wa nne ndiye Kakule, kila nyumba. Kumwuliza mtu Bwera kwamba Kakule yuko wapi ni kama kumwuliza mvuvi wa Kasenyi samaki yuko wapi. Okot alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema, basi nyinyi mtu akifanya jambo, mnajuaje ni nani?

Swali la mgeni. Sisi tunajua.

Nilimleta mwenyewe Bwera, maana wema kwa wageni ndiyo kazi yangu siku hizi. Tukapita kwa Kakule fundi baiskeli, kwa Kakule mwalimu, kwa Kakule mzee asiyesikia, ambaye alidhani tumeleta posa. Mwisho ikawa ni Kakule Hardy, mchoma mahindi wa njia panda, mtu mkimya ambaye hata salamu yake huitoa kama anaazima. Wakakumbatiana. Hardy akapewa simsim yote. Mimi nikapewa hindi. Siku nzima imepotea kwa faida ya Kakule mwingine!

Alhamisi, 20 Machi

Nimeshtuka usingizini. Swali la Okot limenirudia. Ubaoni nimeandika Kakule tu! Nikachukua rangi na brashi, nikaenda mbio chemchemini kuongeza Ezéchiel.

Pale nikakuta akina mama watatu na madumu yao. Mmoja alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba mkaratusi hunywa maji kuliko ng'ombe, na kwamba aliyeizungushia chemchemi hii ama ni mjinga ama ni adui. Wa pili alikuwa ameandika kwa mkaa chini ya maneno yangu: KAKULE YUPI? Wakaniuliza nimekuja kufanya nini na brashi. Nikasema napita tu, naenda kupaka dirisha. Dirisha la nani, wakauliza. Nikapita.

Jumapili, 23 Machi

Naandika polepole.

Kanisa lilijaa. Nilivaa shati la bluu, nikakaa mwisho wa benchi ili kusimama iwe rahisi. Baada ya komunyo Padri akauliza nani ana shukrani. Mama Laurentine akainuka wa kwanza. Mungu ambariki yule mama! Alisimulia mzigo, na kaveera, na mbuzi. Kisha akasema:

"Sura sikuishika, njia yote ilikuwa ndani ya sombe. Lakini jina nilisikia, alisema mara mingi. Kakule."

Nikashika benchi la mbele nijiinue. Padri, ambaye ni mtu wa Fort Portal na hana haraka, akasema yeyote asisimame bado, tuwasikilize wote kwanza. Nikaketi. Edisa akainuka. Yeye hakuleta shukrani, alileta kipande cha boksi. Akakisoma kwa sauti. Kisha akainuka yule mama wa chemchemi, akausoma ubao kwa kichwa, neno kwa neno. Vyungu vyangu vilionekana dirishani, vimejaa tope. Padri akasema sasa Kakule na asimame.

Kakule fundi akaangalia viatu. Kakule mwalimu akafungua kitabu cha nyimbo. Mimi nilikuwa natafuta kitu chini ya benchi. Kakule mzee asiyesikia ndiye pekee aliyetabasamu.

Akasimama Hardy. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

"Padri, ile miti nitang'oa mimi. Na mama Edisa nitamutafutia chupa ingine. Jina ni yetu sisi wote."

Kanisa zima likasema aaa. Watu wakageukiana: ndiye huyo, na mzigo wa sombe pia ni yeye, hasemi tu kwa sababu ya unyenyekevu. Okot, ambaye alikuwa amebaki Bwera hadi Jumapili kusali nasi, akasimulia ya Kasese. Ikawa imekwisha. Padri akampa Hardy ufunguo wa kitalu palepale, na watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanyaje?

Nimeumia. Nasema wazi hapa ambapo hakuna anayesoma. Sombe nilibeba mimi. Shingo bado inauma.

Jumatatu, 24 Machi

Dada ametandaza turubai jipya chumbani kwangu, hadi chini ya kitanda. Amempigia simu mjomba Syahuka. Mjomba amesema niende na soksi nzito.

Jioni akaja Hardy, matope hadi magotini, ametoka kung'oa mikaratusi. Alikaa, akapewa chai, akainywa yote. Nikaanza kutumaini kwamba amekuja kwa ajili ya chai. Ndipo akasema:

"Mimi sikubeba sombe ya mutu. Najua ni wewe, mwenye mbuzi aliniambia. Hii kazi ni yako. Kesho twende kwa Padri, useme ulifanya nini. Useme yote."

Yote! Moyo wangu uliruka kwa furaha, kisha ukasimama kwenye neno hilo. Nikamwuliza kama haiwezekani kusema sombe tu. Akasema hapana, kwa sababu Padri atauliza, na yeye Hardy hawezi kudanganya. Nikaona kanisa zima likinigeukia. Nikamwona Edisa na boksi lake. Dada alikuwa mlangoni, amesimama na ungo, hapepeti kitu.

Nikasema Bwera kuna Kakule wengi, huenda ni mmoja wao.

Hardy akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema sawa. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kazi ya kumwagilia miche ni kubwa kwa mtu mmoja, na kile chumba kina nafasi ya vitanda viwili. Kama sina pa kwenda, nije.

Alipoondoka Dada alianza kupepeta, ingawa ungo ulikuwa mtupu. Mimi nikatoka kutazama mlima. Wingu lilikuwa limeufunika wote.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeajiriwa! Mimi ni msaidizi wa mtunzaji. Namwagilia asubuhi na jioni. Hardy hupika obundu, ugali wa muhogo, na samaki, hasemi, na hakuna anayeniuliza kuhusu chupa. Kusema kweli ni maisha mazuri. Miche inaota. Watu wakipita barabarani husimama na kuitazama, nami hunyoosha mgongo.

Leo Hardy alikwenda Kasese kutafuta mbegu za mti wa musizi. Saa za mchana akafika mzee nisiyemjua, mtu wa mashamba yaliyo chini yetu, na kofia safi kichwani. Alisimama kwenye lango, akaitazama miche mstari kwa mstari, akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza kama hapa ndipo kwa yule Kakule anayesifiwa, Kakule mtunzaji. Hakukuwa na mtu mwingine pale. Nikaweka chini ndoo. Nikajifuta mikono. Nikamwambia ndiye mimi, mzee wangu, karibu sana.

Akamshukuru Mungu kwa kunipata. Akasema maji ya mfereji wa kitalu hiki yamebomoa matuta yake yote ya mihogo, na amesikia kwamba Kakule mtunzaji ni mtu asiyekana jina lake. Akanipa jembe. Alikuja nalo, nilidhani ni fimbo ya kutembelea.

Nimerudi sasa hivi. Viganja vimetoka malengelenge, kalamu naishika kwa vidole viwili. Hardy ameniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa natenda wema kwa mgeni. Akafurahi.

Lakini leo nimejifunza jambo, na naliandika nisilisahau. Siku nyingine mtu akija kumwulizia Kakule, nitamwuliza kwanza ameleta nini, sifa au malalamiko. Akishanijibu, ndipo nitajua mimi ni nani.