Risasi Rasmi ya Kaunti ya Sorrel

Kwa fahari kuu, Kaunti ya Sorrel, jimbo la Montana, ilitangaza kwamba kuanzia msimu ule wa kuwinda elki, kulungu wakubwa wa huku, itakuwa na risasi yake yenyewe. Kaunti jirani wana jibini yao. Ng'ambo ya mlima wana mashindano ya kurusha magogo. Sisi tulikuwa na upepo tu, na upepo haupigwi muhuri.

Tangazo lilisomwa na Mheshimiwa Merle Haugstad, mwenyekiti wa baraza, mtu mwenye kifua kipana na mawazo yanayoenea ndani ya kofia yake bila kusukumana. Mimi nilikuwepo, maana niliteuliwa kwenye Kamati ya Risasi kama Mwakilishi wa Wananchi wa Kawaida. Kazi yangu ilikuwa kuchochea jiko na kukubali.

Msidhani kubuni risasi ni wazimu huku kwetu. Baridi ikishika, kila karakana ina mwanamume aliyeinama, kachukua ganda la risasi ya dukani, analibana shingo au analitanua mabega, kisha analipa jina lake. Risasi ya namna hiyo tunaiita paka-mwitu: dukani haijulikani, anaijua aliyeizaa tu. Inamsaidia mtu asigombane na mkewe mpaka theluji iyeyuke. Sisi wengine tunapiga Sufuri-Sita, yaani thelathini-sufuri-sita, ileile waliyopiga babu zetu, inayouzwa hata kituo cha mafuta, kando ya minyoo ya kuvulia samaki.

"Hapo ndipo penye tatizo," alisema Mheshimiwa. "Kitu kinachouzwa kando ya minyoo hakina hadhi."

"Lakini kinaangusha elki," nikasema.

"Mzee Rusk, kuangusha ni matokeo. Sisi hapa tunazungumzia dira."

Nikachochea jiko.

Azimio likapita: bunduki yoyote isiyopokea Risasi Rasmi haitawinda ndani ya kaunti. Wenye bunduki za zamani wazipeleke kwa fundi Orville Teske azitoboe upya chemba, yaani tundu linamokaa risasi. Na chemba ikishatobolewa haizibiki, ni kama neno lililokwisha kutoka mdomoni.

Hapo ndipo niliposhikwa pabaya. Bunduki ninayowindia ni ya marehemu mke wangu, Verna, aliyoachiwa na baba yake, Sufuri-Sita isiyo na mbwembwe. Mkanda wake aliuzungushia uzi mwekundu wa sufu usimkate bega, na uzi ule bado upo. Siku Verna alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikwama chini ya kilima chetu. Theluji ilikuwa imeziba barabara, na Kamati ya Theluji ilikuwa bado haijakaa. Ilikaa mwezi wa nne, ikatoa pole. Sasa serikali ileile ilitaka kuingiza keekee ndani ya bunduki yake.

Nikaomba niachiwe hiyo moja tu.

"Nikikuachia wewe," Mheshimiwa akasema, "kesho mwingine ataniletea ya shangazi yake."

Rasimu ya kwanza iliitwa Haugstad Bora. Ilikuwa nene kama kidole gumba cha mchinja nyama. Ili kuonyesha njia, Mheshimiwa akawa wa kwanza kutobolewa bunduki. Akafyatua mara moja. Darubini ya kulengea ikarudi nyuma ikampasua juu ya jicho, nusu mwezi safi kabisa, na damu ikafika kwenye tai. Katibu wa kamati, Bi Delphine Krantz, akaandika kwamba majaribio yamefana na mwenyekiti amepata alama ya uongozi.

"Ila ipunguzwe baruti kidogo, Mheshimiwa," akanong'ona. "Uongozi una macho mawili tu."

Risasi za rasimu ile zikateketezwa kimyakimya, na marekebisho yakaanza. Baruti ilipopungua, ganda likabaki na nafasi tupu, basi likapunguzwa unene. Bodi ya shule ikasema mabega yake yamechongoka, yatatisha watoto, yakalazwa. Wafugaji wakataka shingo iwe ndefu. Sababu hawakutoa, lakini wafugaji wanapiga kura, ikarefushwa. Kila rekebisho lilipigiwa makofi. Paka-mwitu wetu akageuka paka wa ofisini, kila anayepita anampapasa.

Mwishowe ikazaliwa Risasi Rasmi, Toleo la Mwisho, ikalazwa juu ya kitambaa cha mahameli.

Jumamosi ya kutoboa, foleni ilitoka ukumbi wa zimamoto hadi barabarani. Nilisukumwa mbele, maana hakuna aliyetaka kuanza. Teske alikuwa ameshika keekee.

"Orville, usiiumize," nikamwambia.

"Tulia, mzee. Mwache kwanza bosi aongee. Si unajua anavyopenda."

Mheshimiwa akanipokonya bunduki, akainyanyua juu. "Ndugu wananchi, tazameni ukale huu. Nitawaonyesha jinsi Risasi Rasmi isivyoweza kabisa kuingia humu."

Akavuta komeo, akatumbukiza Risasi Rasmi, akasukuma.

Tk. Komeo likajifunga laini, kama mlango wa friji mpya.

Akaitoa, akaigeuza, akaitazama, akaitia tena. Tk.

"Si ndiyo Sufuri-Sita hiyo?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Hii ni Risasi Rasmi, Toleo la Mwisho."

"Ahaa. Kumbe Sufuri-Sita naye kaajiriwa serikalini."

Foleni ikacheka mpaka kahawa zikamwagika. Mheshimiwa akamgeukia fundi. "Teske, ulijua?"

"Niliulizwa vipimo, Mheshimiwa. Jina sikuulizwa."

Ikabidi bunduki zote zijaribiwe. Zikapita moja baada ya nyingine, tk, tk, tk, hadi ikafika ya mwenyekiti, ile iliyotobolewa kwa Haugstad Bora. Risasi Rasmi ikacheza ndani yake kama karanga kwenye debe. Bi Krantz akalisoma azimio kwa sauti, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu.

"Sheria ni msumeno, Mheshimiwa," nikasema, huku nikiuvaa mkanda wa Verna begani. "Hukata mbele na nyuma."

Theluji ya kwanza ilianguka elki wangu akiwa tayari kwenye friza. Asubuhi ile nikasikia ngurumo. Tingatinga la kaunti lilikuwa linapanda kilima chetu, linasukuma theluji pembeni, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Nyuma yake gari la Mheshimiwa.

"Mzee Rusk, nimeona nikufungulie barabara."

"Naiona. Imechelewa, lakini naiona."

Akakanyagakanyaga theluji. Kovu la nusu mwezi lilikuwa jekundu kwa baridi. "Nasikia una nyama. Mama watoto hanisemeshi. Hata mguu mmoja, mzee wangu."

"Ipo. Ila lazima ipite kwenye Kamati ya Nyama."

"Wajumbe ni nani?"

"Mimi na bunduki ya Verna."

"Basi si mkae."

Nikamwita dereva wa tingatinga aingie ndani anywe kahawa, maini yalikuwa jikoni yanakaangwa. Kisha nikamgeukia mwenyekiti kwa heshima zote za kiofisi.

"Tutakaa, Mheshimiwa. Mwezi wa nne."